Jinsi ya kuchagua jukwaa la kichakataji kwa kazi za akili mnemba

SHOKA lisilo mpini halichanji kuni. Vivyo hivyo, kadi ya grafiki yenye nguvu ikichomekwa kwenye tarakilishi isiyoweza kuihudumia hubaki kuwa pambo la bei ghali.

Wengi wanaonunua au kuunda mitambo ya kuendeshea programu za akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, hutazama jina la kichakataji na idadi ya viini vyake, wakadhani kazi imekwisha. Baadaye hung'amua kwamba ubao mama hauna nafasi ya kadi ya pili, au kwamba kumbukumbu imefika kikomo na haiwezi kuongezwa tena.

Kosa hilo halirekebishwi kwa urahisi. Kichakataji cha soketi moja hakiingii katika soketi ya aina nyingine. Anayetaka kubadili jukwaa hulazimika kununua upya kichakataji, ubao mama na, aghalabu, kumbukumbu zote. Kwa shule, zahanati au kikundi cha vijana kilichochukua mkopo katika chama cha akiba, hasara ya namna hiyo yaweza kuuzima mradi mzima. Wahenga walinena: kukopa harusi, kulipa matanga.

Ni kweli kwamba si kila mtu anahitaji mtambo wake mwenyewe. Mwenye kazi ya siku chache kwa mwezi hupata nafuu akikodi seva kupitia mtandaoni. Hata hivyo, wapo wenye sababu ya kumiliki mtambo: wale ambao mashine yao itafanya kazi usiku na mchana, na wale wanaotunza habari za siri kama vile rekodi za wagonjwa, ambazo nchini Kenya zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Makala haya yanawalenga hao.

JUKWAA NI NINI?

Kwa jukwaa tunamaanisha kichakataji pamoja na soketi yake, ubao mama, aina ya kumbukumbu inayokubalika, na njia zinazounganisha kichakataji na kadi pamoja na diski.

Msomaji na aifikirie bandari ya Kilindini. Viini vya kichakataji ni makuli wanaopakua shehena. Mikondo ya kumbukumbu ni gati ambazo meli hutia nanga. Njia za PCIe, yaani mfumo unaounganisha kadi na kichakataji, ni barabara na reli zinazoitoa shehena bandarini. Kuongeza makuli bila kuongeza gati wala barabara hakuharakishi upakuaji. Makuli watakaa kivulini wakisubiri.

Kwa hivyo maswali ya kumwuliza muuzaji ni matatu. Je, jukwaa hili lina njia ngapi za PCIe? Lina mikondo mingapi ya kumbukumbu? Na linakubali kumbukumbu kiasi gani kwa jumla? Idadi ya viini ni swali la nne.

KADI NDIYO HUBEBA MZIGO

Mnamo 2012, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, waliwashangaza wenzao katika shindano la ImageNet la kutambua picha. Mfumo wao, uliokuja kujulikana kama AlexNet, ulifunzwa kwa kadi mbili za GTX 580, aina iliyotengenezewa wapenzi wa michezo ya tarakilishi. Mafunzo yalichukua siku tano hadi sita.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kila kadi ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 3 pekee. Mfumo haukuweza kuenea katika kadi moja, ndipo ukagawanywa katika kadi mbili. Hivyo basi, tangu mwanzo, kilichowabana watafiti kwanza kilikuwa nafasi ya kumbukumbu, si kasi.

Kadi hutumika kwa sababu hesabu za akili mnemba ni kuzidisha na kujumlisha nambari nyingi mno kwa wakati mmoja, na kadi ina maelfu ya vitengo vidogo vya kufanya kazi hiyo. Isitoshe, kadi husoma kumbukumbu yake kwa kasi kubwa. RTX 3090 ya mwaka 2020, yenye gigabaiti 24, husoma gigabaiti 936 kwa sekunde. Tarakilishi ya kawaida ya mezani yenye mikondo miwili ya DDR5-5200 husoma takriban gigabaiti 83 pekee. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara kumi na moja.

HESABU YA KUFANYA KABLA YA KWENDA DUKANI

Ukubwa wa mfumo wa lugha hupimwa kwa idadi ya vigezo, yaani nambari zinazobeba kile mfumo ulichojifunza. Kwa kawaida kila kigezo huchukua baiti 2. Mfumo wa vigezo bilioni 7, basi, unahitaji gigabaiti 14. Ule wa bilioni 70 unahitaji gigabaiti 140.

Vigezo vyaweza kubanwa hadi nusu baiti kila kimoja, na ubora ukapungua kidogo tu kwa kazi nyingi. Hapo mfumo wa bilioni 7 hushuka hadi gigabaiti 3.5, na ule wa bilioni 70 hadi 35. Ukiongeza nafasi ya kuhifadhi mazungumzo yanayoendelea, huo mkubwa huhitaji takriban gigabaiti 40, yaani kadi mbili za gigabaiti 24.

Kufunza mfumo ni mzigo mwingine kabisa. Kwa njia iliyozoeleka, kila kigezo huhitaji takriban baiti 16 wakati wa mafunzo, hivyo mfumo mdogo wa bilioni 7 hudai gigabaiti 112 kabla ya kuhesabu data yenyewe. Afueni ipo: mbinu ya QLoRA, iliyotangazwa 2023, hubana mfumo na kufunza sehemu ndogo tu iliyoongezwa kando. Waanzilishi wake walionyesha kwamba mfumo wa vigezo bilioni 65 waweza kurekebishwa kwa kadi moja ya gigabaiti 48.

Kutokana na hesabu hiyo mnunuzi hujua anahitaji kadi ngapi. Idadi ya kadi ndiyo inayochagua jukwaa. Anayeanza na kichakataji huwa amefunga mkokoteni mbele ya punda.

KAZI INAYOBAKIA KWA KICHAKATAJI

Kichakataji hakikosi kazi. Husoma faili kutoka kwenye diski, hufungua picha na sauti, hukatakata maandishi na kuvipeleka vyote kwenye kadi. Kwa kazi nyingi, viini vinne hadi vinane kwa kila kadi hutosha. Anayeshughulikia video au rekodi nyingi za sauti ahesabu zaidi.

Kuhusu kumbukumbu ya tarakilishi yenyewe, waundaji wengi hufuata kanuni kwamba iwe maradufu ya jumla ya kumbukumbu za kadi. Mwenye kadi mbili za gigabaiti 24 atafute angalau gigabaiti 96.

DARAJA LA KWANZA: TARAKILISHI YA MEZANI

Soketi ya AM5 ya kampuni ya AMD ilitoka Septemba 2022 pamoja na vichakataji vya Ryzen 7000, na Ryzen 9000 vya mwaka 2024 vinaingia humo humo. Jukwaa hili lina mikondo miwili ya kumbukumbu na njia 24 za PCIe zinazoweza kutumiwa na kadi na diski. Kati ya hizo, 16 ni za kadi. Vichakataji vya Core Ultra 200 vya Intel, vilivyotoka 2024 kwa ajili ya tarakilishi za mezani, navyo vina mikondo miwili.

Kwa mwenye kadi moja, daraja hili linatosha kabisa, na fedha zinazobaki ni bora ziongezwe kwenye kadi. Mwenye kadi mbili aangalie vyema, kwa maana si kila ubao hugawanya njia 16 kuwa nane kwa nane. Mbao nyingine zina nafasi ya pili inayoonekana ndefu kwa macho, ilhali ndani yake mna njia nne tu. Ukweli huo umo katika kijitabu cha ubao, si katika picha ya dukani.

Njia nane kwa kila kadi haziathiri sana kazi ya kuendesha mfumo uliokwisha kufunzwa, kwani data inayopita baina ya kadi ni kidogo. Wakati wa kufunza mambo hubadilika: kadi hulazimika kupashana matokeo kila hatua, na barabara nyembamba huleta msongamano.

DARAJA LA PILI: MASHINE YA KAZI NZITO

Hapa wapo Threadripper wa AMD na Xeon W wa Intel. Threadripper 7000, waliotoka mwishoni mwa 2023, wako wa aina mbili, na majina yao huwachanganya wanunuzi. Wale wasio na neno PRO wana mikondo minne ya kumbukumbu na njia 48 za PCIe za kizazi cha tano. Wale wa PRO, wakiwekwa kwenye ubao wa WRX90, wana mikondo minane na njia 128. Kizazi cha 9000 kilichofuata mwaka 2025 kiliongeza kasi ya kumbukumbu kutoka DDR5-5200 hadi DDR5-6400.

Kwa upande wa Intel, Xeon W-2400 za Februari 2023 zina mikondo minne na njia 64, nazo W-3400 zina mikondo minane na njia 112.

Daraja hili linamfaa anayetaka kadi mbili hadi nne na ambaye mashine itakaa ofisini karibu naye. Viini vyake hukimbia kwa kasi kuliko vya seva, na feni zake hazina makelele mengi. Hata hivyo, asichukulie kwamba kumbukumbu za tarakilishi yake ya zamani zitafaa. Threadripper hawa na Xeon W hutumia kumbukumbu za aina ya RDIMM, ilhali AM5 hutumia UDIMM, na aina hizo mbili haziingiliani. Hili ni jambo zito zaidi tangu bei za kumbukumbu zilipopanda kwa kasi duniani mwishoni mwa 2025, vituo vikubwa vya data vilipoanza kuzinunua kwa wingi.

DARAJA LA TATU: SEVA

EPYC 9004 wa AMD, waliozinduliwa Novemba 2022, wana mikondo 12 ya DDR5-4800, sawa na gigabaiti 460.8 kwa sekunde, pamoja na njia 128 za PCIe za kizazi cha tano. EPYC 9005 wa Oktoba 2024 huingia katika soketi iyo hiyo na kuinua kasi ya kumbukumbu. Intel nao walitoa Xeon 6900P Septemba 2024, wenye mikondo 12 na hadi viini 128.

Seva hukubali kumbukumbu za terabaiti kadhaa na huweza kusimamiwa kutoka mbali hata ikiwa imezimika, almuradi umeme na mtandao vingalipo. Hayo ni manufaa makubwa kwa taasisi ambayo fundi wake yuko mji mwingine.

Kuna mtego mmoja: mbao zenye soketi mbili. Mtu hudhani vichakataji viwili ni maradufu ya kimoja. Kila kichakataji huwa na kumbukumbu yake ya karibu, na kinapohitaji iliyo upande wa pili husubiri zaidi. Programu isiyotambua mpangilio huo hupoteza sehemu kubwa ya faida. Kwa seva ya kwanza, soketi moja iliyojazwa vizuri ni chaguo la busara.

Kujaza vizuri maana yake ni kuweka kijiti cha kumbukumbu katika kila mkondo. Anayenunua EPYC mwenye mikondo 12 kisha akachomeka vijiti vinne ameacha gati nane zikiwa tupu.

SEVA ZA MITUMBA

Kwa wenye mfuko mwembamba, soko la seva zilizotumika lina vitu vya thamani. EPYC 7002 waliotoka Agosti 2019 wana mikondo minane ya DDR4-3200, yaani gigabaiti 204.8 kwa sekunde, na njia 128 za PCIe za kizazi cha nne. Mtambo huo mkuukuu huipita kwa zaidi ya maradufu tarakilishi mpya ya mezani katika kusoma kumbukumbu, na waweza kupokea kadi nne au zaidi.

Lakini mnunuzi ajihadhari na mambo matatu. Kwanza, baadhi ya watengenezaji wa seva hufunga kichakataji cha EPYC kwa mbao zao pekee kupitia kinga iliyomo ndani yake, na kufuli hiyo haiondolewi. Kikihamishiwa ubao wa kampuni nyingine hakiwaki. Aulize kimetoka kwenye seva gani, na ashuhudie kikiwaka kwenye ubao ule ule atakaoutumia. Pili, asivutwe na bei ya Xeon E5 v2 za 2013. Hazina maagizo ya AVX2 ambayo programu nyingi za leo huyategemea. Tatu, seva bapa za kupachikwa kwenye rafu hupiga kelele zisizovumilika ofisini, na nyingi hazina nafasi ya kadi nene.

JE, YAWEZEKANA BILA KADI?

Yawezekana, kwa kipimo. Mfumo wa lugha unapoandika, husoma vigezo vyake vyote kwa kila kipande cha neno, au tokeni. Hivyo kikomo cha kasi hupatikana kwa kugawanya kasi ya kumbukumbu kwa ukubwa wa mfumo. Kwa mfumo wa gigabaiti 40, tarakilishi ya mezani haivuki tokeni 2 kwa sekunde. EPYC mwenye mikondo 12 haivuki 11. Kadi mbili za RTX 3090 zinazopokezana kazi hukaribia 23. Kasi halisi huwa chini ya hapo.

Anayetumia Kiswahili akumbuke kwamba mifumo mingi ilifunzwa zaidi kwa Kiingereza, na maneno yetu yenye viambishi vingi hukatwa vipande vingi zaidi. Tokeni 11 kwa sekunde, kwa hiyo, hutoa maneno machache ya Kiswahili kuliko ya Kiingereza.

Mambo yalibadilika kwa mifumo inayotumia sehemu tu ya vigezo vyake kwa wakati mmoja. DeepSeek-V3 ya Uchina, iliyotolewa Desemba 2024, ina vigezo bilioni 671 lakini hutumia bilioni 37 kwa kila tokeni. Mfumo kama huo unadai kumbukumbu kubwa mno isiyopatikana kwenye kadi za kawaida, ilhali usomaji wake ni mwepesi. Hapo ndipo seva yenye mikondo 12 na mamia ya gigabaiti hupata nafasi yake. Xeon nyingi zilizotoka tangu Januari 2023 zina pia maagizo ya AMX yanayoharakisha hesabu hizi bila kadi.

Njia nyingine ni mashine ambazo kichakataji na grafiki hutumia kumbukumbu moja. Mac Studio yenye M3 Ultra ya Machi 2025 husoma gigabaiti 819 kwa sekunde, na Ryzen AI Max+ 395 husoma 256, ikiwa na hadi gigabaiti 128. Ni tulivu na hazili umeme mwingi, ila kumbukumbu zake haziongezwi baada ya kununuliwa.

UMEME NA JOTO

Soketi ya ukutani nchini Kenya hutoa volti 240 na ampea 13, yaani wati 3,120. Mashine yenye kadi nne za wati 350 pamoja na kichakataji cha wati 350 hufikia wati 1,750 kabla ya feni na diski, na bado hutoshea katika soketi moja. Nchini Marekani, ambako nyumba nyingi hutumia volti 120, mashine kama hiyo huleta shida. Basi ushauri unaotoka huko usomwe kwa tahadhari.

Bili ni jambo jingine. Mashine inayotumia wati 1,000 bila kuzimwa hula uniti 24 kwa siku, na 720 kwa siku 30. Kila mmoja azidishe 720 kwa bei iliyo kwenye bili yake, kisha alinganishe na gharama ya kukodi. Kadi zaweza kuwekewa kikomo cha umeme kwa amri moja, na kasi hupungua kidogo kuliko umeme unaookolewa.

Fauka ya hayo, umeme wote huo hugeuka joto. Wati 1,000 ni sawa na hita iliyowashwa chumbani mchana kutwa. Mjini Mombasa au Kisumu, gharama ya kipoza hewa iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo, sawia na ya kifaa cha kukinga mashine dhidi ya umeme unaokatika ghafla, kwani mafunzo ya siku tano yanayokatika siku ya nne bila kuhifadhiwa huanza upya.

MPANGILIO WA KUAMUA

Kwa muhtasari, hatua ni hizi. Taja kazi: ni kuendesha mfumo, kuurekebisha au kuufunza. Piga hesabu ya gigabaiti. Toa idadi ya kadi. Kadi moja: nunua jukwaa la mezani. Mbili hadi nne: tafuta Threadripper, Xeon W au EPYC aliyetumika. Zaidi ya nne, au mfumo mkubwa usio na kadi: nenda kwenye seva yenye mikondo 12.

Mwisho, mwenye kusitasita kati ya kichakataji cha viini vingi kwenye jukwaa finyu na kile cha viini vichache kwenye jukwaa pana, achukue hicho cha pili. Kichakataji chaweza kubadilishwa na kikubwa zaidi katika soketi iyo hiyo bei zikishuka. Njia za PCIe na mikondo ya kumbukumbu ambayo jukwaa halina haziwezi kuongezwa.